Rungwe: Maafa Yanapoanzia Kwenye Kiwanja

Mji wa Tukuyu una kata inayoitwa Msasani na nyingine inayoitwa Bagamoyo, ingawa bahari iko mbali nao kwa safari ya kutwa nzima na ushee. Maji ya Tukuyu hutoka juu. Wilaya ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ipo miteremko ya Mlima Rungwe inayokaribia 3,000. Dodoma, ambako bajeti za nchi hupitishwa, haifikishi 600. Mvua huanza Novemba na kukaza hadi Mei. Katika miezi hiyo kunyesha si habari kwa mkazi wa Tukuyu. Habari ni kukatika, na hiyo nayo haidumu.

Pamoja na mvua yote hiyo, Tukuyu haina sifa ya mji wa mafuriko. Sababu ni umbile la nchi. Mji umekaa mlimani, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yakishuka hayana pa kutuama. Kwa kuwa hayatuami, hayazungumzwi. Yakisomba choo cha mtu au nusu ya shamba la migomba, hilo huhesabiwa kuwa tatizo la mwenye shamba.

Hoja ya makala haya ni kwamba maafa ya Rungwe hayaanzii mawinguni. Huanza siku kiwanja kinapokatwa, mashahidi wanapotia sahihi na msumari wa kwanza unapopigwa kwenye bati. Kamati ya maafa ikifika miaka kumi na tano baadaye na mablanketi, inakuta kazi kubwa imekwisha kufanywa na watu wengine, tena bila posho.

Tuanze na ardhi yenyewe. Rungwe ni nchi ya volkano. Mlima Rungwe, wenye urefu wa takriban mita 2,960, ulilipuka kwa kishindo kikubwa yapata miaka 4,000 iliyopita na kumwaga mawe mepesi yenye vitundu juu ya eneo pana la nyanda hizi. Upande wake wa kusini-magharibi uliwahi kuporomoka, na kovu lake bado linaonekana. Mlima Kyejo ulitoa lava takriban mwaka 1800, enzi za mababu ambao majina yao bado yanakumbukwa katika koo. Majivu ya volkano ndiyo yaliyoipa Rungwe udongo unaozalisha ndizi, chai, kahawa, viazi na siku hizi parachichi. Udongo huohuo hunyonya maji mengi na kuwa mzito. Ukilala juu ya tabaka la mawe mepesi kwenye mteremko mkali, siku moja huweza kuteleza. Rutuba na hatari vimetoka mlima mmoja, na muuza kiwanja huitaja rutuba peke yake.

Maji yanayotoka hapa yanajulikana yaendako. Mto Kiwira, uliotoboa njia yake chini ya Daraja la Mungu, hushuka hadi Kyela. Mbaka na Lufilyo vivyo hivyo. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 474 hivi, kwa hiyo maji ya Tukuyu hushuka zaidi ya mita elfu moja katika umbali ambao daladala humaliza kwa saa mbili. Yakifika Kyela yanakuta nchi tambarare, mashamba ya mpunga na kokoa, na nyumba. Hapo ndipo yanapopewa jina la mafuriko. Upande wa magharibi Mto Songwe, unaotutenganisha na Malawi, umekuwa ukihamahama kiasi kwamba nchi hizi mbili zimelazimika kuunda kamisheni ya pamoja ya kulisimamia bonde lake. Mto unaosogeza mpaka wa kimataifa bila kupiga kura una uwezo wa kusogeza uzio wa mtu yeyote.

Kyela ilikuwa sehemu ya Rungwe kabla ya kutengwa kuwa wilaya. Baadaye Busokelo nayo ikapewa halmashauri yake ndani ya wilaya. Wananchi walizitaka mamlaka hizo karibu nao, na wana haki. Lakini leo mvua moja inaangukia meza za wakurugenzi watatu. Anayeidhinisha ujenzi mlimani hatoi taarifa kwa anayehesabu kaya zilizozingirwa na maji bondeni, na anayehesabu kaya bondeni hana sauti juu ya mti unaokatwa mlimani. Chombo kinachotazama bonde zima kipo: Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Makao yake makuu yako wapi? Tukuyu. Mto una mwakilishi wake mjini, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ofisi za halmashauri. Kwa mtu anayeomba kibali cha kujenga, hata hivyo, bodi ya bonde na idara ya ardhi ni kama ziko nchi mbili.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kufikirika. Miaka ya karibuni haiwaungi mkono. Tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara iliporomoka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na magogo vikaufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani. Watu 89 walifariki dunia. Serikali ilieleza kuwa volkano haikulipuka: miamba dhoofu ya mlima ilinyonya maji, ikaelemewa, ikamomonyoka. Mji mdogo chini ya volkano ya zamani, mvua nyingi, miamba inayonyonya maji. Msomaji wa Tukuyu hahitaji kuelezwa zaidi.

Kama Manyara ni mbali, Mbeya ni karibu. Aprili 14, 2024, udongo wa Mlima Kawetere katika Kata ya Itezi, Jiji la Mbeya, uliteremka na kufukia nyumba zipatazo 20 pamoja na shule. Haikuripotiwa kifo cha mtu. Siku kumi na moja baadaye, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule zilizoambatana na El Niño zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri watu zaidi ya 200,000. Kifo hakikutokea Itezi, kwa hiyo Itezi ikasahaulika haraka. Ndivyo tulivyo: tukio lisilo na jeneza halipati kikao cha tathmini.

Sasa twende kwenye sheria, maana mtu akisikia haya kwanza hulaumu kukosekana kwa sheria. Sheria tunazo, tena nzuri. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaitambua ardhi hatarishi: maeneo oevu, eneo la ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, miteremko mikali kupita kiwango atakachokitaja waziri, na ardhi nyingine isiyofaa kuendelezwa kwa udhaifu wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikarudia mita 60 zilezile. Sheria ya Mipango Miji na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, zote za mwaka 2007, zinaeleza nani achore ramani, nani ashirikishwe na nani aidhinishe. Karatasi hizi zingepangwa kandokando ya Mto Kiwira zingeweza kuwa tuta la kwanza.

Kasoro iko kwenye mita 60 zinapokutana na Rungwe. Mahali ambapo kila bonde lina kijito na kila kijito kina familia, ukipima mita 60 upande huu na 60 upande ule, vipo vitongoji ambavyo havibakiwi na mahali pa kujenga hata banda la kuku. Kipimo kilekile kinatumika kwa kijito unachokiruka kwa hatua moja na kwa mto unaobeba magogo. Sheria isiyotofautisha hufuatwa na wachache na kuogopwa na wachache zaidi. Kilichohitajika siku zote ni ramani ya mahali hapa: mteremko huu usiguswe, ule ujengwe kwa masharti, bonde hili lilimwe mboga lakini pasilale mtu. Kazi hiyo haifanyiki Dodoma. Inafanywa na mpima ardhi, afisa mipango miji, mjiolojia na mzee wa kitongoji anayekumbuka udongo ulipoteremka mara ya mwisho.

Tukuyu ina hadhi ya mamlaka ya mji mdogo, na hapo kuna jambo la kuchekesha kidogo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, baraza la mji mdogo linaundwa kwa sehemu kubwa na wenyeviti wa vitongoji. Hao ndio wanaojua nani ameuza nini kwa nani, tangu kabla wino haujakauka. Lakini wapima, wahandisi na fedha wako kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Wenye habari hawana vifaa, na wenye vifaa hupata habari nyumba ikishafika kwenye linta.

Kiwanja cha kawaida huzaliwa hivi. Baba ana shamba la migomba kwenye mteremko. Watoto wanakua, ada za shule zinadai, anakata kipande cha barabarani. Mnunuzi anakuja na ndugu wawili, mwenyekiti wa kitongoji anaandika karatasi ya mauziano, mhuri unagongwa, ada ya kijiji inalipwa, soda zinanywewa. Hakuna aliyefanya kosa. Hakuna aliyeuliza pia maji ya mvua yanapita wapi. Baada ya miaka kumi vipande ishirini vimekuwa mtaa, na ndipo urasimishaji wa makazi unapofika: bikoni zinapandwa pale kuta zilipo, na njia ya maji ambayo haikuwahi kuwa na hati inatoweka kwenye mchoro. Upimaji wa namna hii una faida zake, kwa kuwa mwenye hati hukopesheka. Lakini kupima makosa hakuyafanyi kuwa mpango.

Upande wa pili, eneo likishageuka balaa, huja alama ya X nyekundu ya kubomolewa. X ndiyo lugha ya mipango miji ambayo Watanzania wengi wameiona kwa macho. Ni lugha ya neno moja, na hutamkwa wakati mwenye nyumba ameshamaliza mkopo wa bati.

Tuchukue bati hilo hilo kwa hesabu. Paa la mita za mraba 100, katika mahali penye mvua ya milimita 2,000, hupokea lita 200,000 za maji kwa mwaka. Mvua ya siku moja ya milimita 60 huangusha lita 6,000 juu ya paa hilo peke yake. Zamani maji hayo yaliangukia majani ya migomba, yakadondoka taratibu na kunywewa na udongo. Sasa yanateremka kwa mkupuo kwenye ua uliosakafiwa, yanaingia barabarani, yanakusanywa na mtaro, yanapitishwa kwenye kalavati na kutemwa kwenye shamba la mtu wa chini ambaye hakuwahi kuombwa ridhaa. Mafuriko ya mlimani hutengenezwa hivyo, paa kwa paa. Fomu ya kibali cha ujenzi ingeweza kuongeza swali moja tu: maji ya paa lako yataenda wapi? Jibu liwe ni simtanki, shimo la kunyonya maji au mtaro unaofika mtoni salama. Asiye na jibu asubiri. Swali hilo halihitaji mfadhili.

Mazungumzo ya namna hii hayatakuwa ya haki tusipotaja kwa nini watu wanajenga wanapojenga. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na kufanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alieleza desturi ambayo wazee wa leo waliisikia kwa wazazi wao: vijana wa rika moja kujenga kijiji chao, na kizazi kipya kukabidhiwa ardhi na uongozi kwa sherehe. Ule ulikuwa mpango wa matumizi ya ardhi, uliosimamiwa bila mchoro. Sharti lake lilikuwa moja: ardhi mpya iwepo. Ardhi mpya imekwisha. Kilichobaki ni kugawana ya zamani, na mtoto wa mwisho hupata kipande ambacho wakubwa wake walikikataa. Ukimwambia asijenge hapo bila kumwonyesha pa kujenga, umempa nasaha tu, na nasaha haiezekwi.

Ndiyo maana suala la kurejea katika hali ya kawaida baada ya mafuriko halikwepeki. Uzoefu wa nchi una mifano miwili ya kutazama. Desemba 2011, Dar es Salaam ilipopata mvua ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya nusu karne, watu wapatao 40 walifariki dunia na wakazi wa bondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Wapo waliobaki huko na kujenga maisha. Wapo waliouza na kurudi bondeni Jangwani, kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo, na Mabwepande hapakuwa na Kariakoo. Kwa miaka mingi wakasemwa kuwa wakaidi. Mtu anayerudi kwenye hatari ili ale leo amepiga hesabu. Lililokosewa ni kumhamisha pamoja na godoro lake na kuiacha kazi yake nyuma.

Hanang mambo yalikwenda kwa mpangilio zaidi. Nyumba 109 zilijengwa katika eneo la Waret kwa waliopoteza makazi, kwa nguvu za Serikali na Chama cha Msalaba Mwekundu. Funzo lake ni kuhamisha watu karibu, pamoja na huduma, kabla hawajazoea kuishi kwa jamaa. Kwa Rungwe kuna la ziada ambalo halimo kwenye michoro. Mnyakyusa huzika nyumbani. Unapomwambia ahame mteremko, unamwambia awaache waliolala pale. Afisa asiyelizungumza hilo mwanzoni, kwa heshima na mbele ya wazee wa ukoo, atalikuta mwishoni likiwa limevaa sura ya mgogoro wa ardhi.

Watu wa Kyela, walio bondeni, nao wana somo lao kutoka Kilosa. Tuta lililojengwa enzi za ukoloni kando ya Mto Mkondoa liliwalinda watu kwa miongo mingi, kisha likaachwa bila matunzo. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilipokuja, lilivunjika na maelfu ya watu wakapoteza makazi. Tuta lisilo na bajeti ya kulitunza huwapa watu ujasiri wa kujenga mahali ambapo wasingejenga.

Tumalize na dharura yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutoa tahadhari kwa rangi: njano, chungwa na nyekundu. Tahadhari hutaja mkoa, huongeza kuwa baadhi ya makazi yanaweza kuzungukwa na maji, na huwataka wananchi wachukue hatua stahiki. Hapo ndipo mnyororo unapokatika. Kwa mama mwenye watoto wanne kwenye mteremko, saa nane usiku, hatua stahiki ni ipi? Aende shule ya msingi au kanisani? Nani ana ufunguo? Bibi asiyeweza kutembea anabebwa na nani? Kamati ya kijiji ipo kisheria, na mahali pengi majina yake yako kwenye jalada. Jalada lenyewe liko kwenye kabati, na mwenye ufunguo wa kabati amehamishwa.

Hata hivyo Rungwe haianzi bila kitu. Kuna taasisi moja katika wilaya hii inayofanya kazi bila kukosea: kamati ya msiba. Habari za kifo zikitoka asubuhi, hadi jioni turubai limesimama, masufuria yamepatikana, daftari la michango limefunguliwa, vijana wamegawiwa zamu za kuni na maji, gari limekodiwa, na aliye Dar es Salaam ameshapigiwa simu. Kila mtu anajua wajibu wake na hakuna aliyeandikiwa barua. Huu ni mfumo kamili wa dharura: una uongozi, ghala, mfuko, usafiri na mawasiliano. Unasubiri tu mtu afe ndipo uanze. Kazi ya serikali ya kijiji ni kuutumia mapema zaidi. Daftari lile lile liwe na ukurasa wa kaya zilizo kwenye mteremko hatari, wazee na wagonjwa wa kubebwa, namba za simu za vijana wenye bodaboda, jengo la kukimbilia na jina la mshika funguo. Ukurasa mmoja unatosha.

Kuna la kusema pia kuhusu kalenda. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai, na mvua huanza Novemba. Kuna miezi minne ya kuzibua mitaro, kukagua makalavati na kupanda miti kwenye maeneo ya shule za mteremkoni. Badala yake, miezi hiyo mara nyingi hupita katika kusubiri fedha. Bajeti ya mwaka unaofuata hujadiliwa na madiwani kati ya Januari na Machi, mvua ikigonga bati la ukumbi. Uchaguzi wa serikali za mitaa nao huangukia msimu huo huo wa mvua. Wa 2019 ulifanyika Novemba, na wa 2024 vivyo hivyo. Mwenyekiti mpya wa kitongoji hupokea mhuri na masika kwa wakati mmoja, na hakuna anayemfundisha kutumia kimojawapo.

Haya yote yana gharama ya kisiasa. Diwani anayezuia kiwanja kisiuzwe mteremkoni anapoteza kura leo, na aliyeokolewa hatajua kwamba aliokolewa. Diwani anayegawa mablanketi hupigwa picha. Mradi wapiga kura wanapima kwa picha, tutaendelea kuwa hodari wa mablanketi.

Kwa hiyo, msomaji wa Tukuyu, Kiwira, Lwangwa au Kyela, kabla ya Novemba ijayo muulize diwani wako maswali matatu kwenye mkutano wa hadhara. Ramani ya miteremko hatari katika kata yetu iko wapi, na imebandikwa ubao gani? Nani, katika halmashauri zetu tatu na bodi ya bonde, atamwambia mwenzake mlimani kukiharibika? Na ufunguo wa jengo la kukimbilia uko kwa nani? Akijibu, mpigie makofi. Akishindwa, usimkasirikie, nenda kwa mwenyekiti wa kamati ya msiba, ufungue naye ukurasa mpya kwenye daftari.